Zamu ya Mzee Nkya Kulala Kitandani

Tarehe 30 Juni 1999 Bwana Elihuruma Nkya, mtaalamu wa picha katika hospitali yetu hapa Kijenge, anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja. Siku hiyo atakabidhi funguo na kuvua koti jeupe, na baada ya hapo atakwenda zake Machame kwa mkewe Sia, ambaye miaka yote hiyo amelima kihamba, shamba la migomba la familia, peke yake huku bwana akionekana Krismasi, Pasaka na kwenye misiba. Hayo ndiyo yanayoandikwa katika ratiba ya sherehe, na mimi nimeagizwa niyaandike vizuri. Lakini ninyi wasomaji wa jarida hili mnajua kwamba kwa miaka sita kulikuwa na swali moja lililozunguka kutoka jikoni hadi ofisi ya Mganga Mkuu: huyu mzee aliyepima mishipa ya damu ya nusu ya Arusha, atakubali lini kupimwa yeye? Jibu limepatikana. Nitalifikia, msinisukume.

Alikuja kwetu mwaka 1968, kijana mwembamba wa kusukuma vitanda vya wagonjwa kwenda chumba cha eksirei. Mkuu wa chumba wa wakati ule, marehemu sasa, alisema kijana huyu anauliza maswali mno, kwa hiyo ama afukuzwe kazi ama apelekwe shule. Akapelekwa shule. Alirudi na cheti na suruali ya tetroni, akaingia chumba cha giza kusafisha filamu, na hakutoka humo mpaka alipopata mvi. Harufu ya dawa za kusafishia filamu ilimwingia kwenye ngozi kiasi kwamba Jumapili kanisani ulijua amekaa benchi gani kabla hujamwona.

Wenzetu wa umri wangu wanaikumbuka miaka ya uhaba, filamu zilipokuwa adimu kuliko sabuni, na sabuni yenyewe haikuwepo. Mzee Nkya alikuwa akikata filamu moja vipande viwili ili watu wawili wapate picha. Mama mmoja wa Engutoto aliondoka na picha ya kifundo chake cha mguu, na pembeni kulikuwa na kiwiko cha mtu mwingine kilichosalia kwenye kipande. Kesho yake alirudi kuuliza kile kiwiko ni cha nani na kama mwenyewe amepona. Alikuwa amekiombea usiku kucha. Mzee Nkya alimtafuta mwenye kiwiko, akawakutanisha, na nasikia mpaka leo wanasalimiana.

Milango ya biashara ilipofunguliwa, filamu zikaja, sabuni zikaja, mitumba ikaja, na kila mtaa ukaota zahanati binafsi yenye mlango wa kioo na kibao cha rangi. Wenzetu wengi walihamia huko na hatuwalaumu, kila mtu ana watoto wa kusomesha. Mzee Nkya naye alifuatwa, tena zaidi ya mara moja. Aliwajibu kwamba mashine zao ni nzuri lakini huko hakuna Kandida wa kugombana naye asubuhi. Kandida ndiye mimi, muuguzi wa kitengo chake, na nimeamua kulipokea hilo kama sifa.

Mwaka 1993 tukapata mashine mpya, zawadi ya marafiki wa Kanisa kutoka ng'ambo: altrasaundi yenye kipimo cha Dopla. Kwa wale wa idara nyingine ambao hadi leo wanadhani ni televisheni, nieleze kidogo. Kifaa cha mkononi, ambacho sisi tunakiita maiki, hutuma mawimbi ya sauti ndani ya mwili. Mawimbi yakigonga damu inayotembea hurudi yamebadilika, na mashine inajua kutokana na mabadiliko hayo damu inakwenda kasi gani na kuelekea wapi. Hakuna kuchanwa, hakuna sindano. Unapakwa jeli, unalala, unasikia damu yako mwenyewe ikipita kwenye spika.

Siku zile za mwanzo ndugu wa wagonjwa walikuwa wanajazana mlangoni. Vibanda vya video vilikuwa vimeshamiri kule Daraja Mbili, kwa hiyo watu wakiona skrini yenye rangi nyekundu na bluu walijua kuna picha. Mzee mmoja aliyemsindikiza shemeji yake alitulia kwenye kiti muda mrefu kabisa, kisha akauliza kwa adabu karate inaanza saa ngapi. Mzee Nkya hakumcheka. Alimwambia hii ni picha ya shemeji yako, na mpiganaji mkuu ni moyo wake, na kweli yule mzee akakaa akaangalia mpaka mwisho.

Hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kazi. Wengine hupima mgonjwa huku sauti ya mashine imezimwa, mgonjwa akitazama dari na kungoja hukumu. Yeye aliifungulia. Alitaka kila mtu asikie. Na kila mtu alielezwa kwa mfereji, kwa sababu mzee huyu kakulia Machame ambako maji ya mlimani hufika kwenye migomba kwa mifereji iliyochimbwa na mababu, na huku Meru nako watu wanaijua mifereji tangu utoto. Alisema mfereji ukiwa safi maji hupita yakinong'ona. Jiwe likiangukia ndani, pale penye jiwe maji hubanwa, hukimbia na kupiga kelele. Mshipa nao ni hivyohivyo: palipobana ndipo damu inapokwenda mbio, na mashine ikisikia mbio hizo inatuambia. Wakulima walielewa kabla hajamaliza. Waliopata shida ni wahasibu wetu.

Sasa habari ya miguu baridi, ambayo iko katika historia ya hospitali na lazima iingie. Julai ya kwanza ya mashine ile, majibu yalituogopesha. Mgonjwa mmoja baada ya mwingine, hasa wale wa kushuka alfajiri kutoka miinuko ya Meru, damu ilionekana haifiki vizuri nyayoni. Tukadhani tumegundua ugonjwa mpya. Akaja Nasieku, mama wa Kiarusha muuza maziwa kutoka Oldonyo Sambu, yeyo wetu kama tunavyowaita kina mama wa kwao. Alikuwa na kidonda kwenye kidole cha mguu kilichokataa kupona. Mzee Nkya alimpima, akaona damu ni kidogo mno, akaandika hivyo. Daktari Susana, mpasuaji wetu, alipoona jibu akaanza kuzungumza naye taratibu kuhusu kuukata mguu.

Yeyo Nasieku alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema mguu wake hautajadiliwa kabla hajanywa chai, na kwamba chumba chetu kina baridi kuliko kilele cha Meru. Akaenda zake jikoni, akakaa karibu na jiko la kuni, miguu ameielekeza motoni. Mzee Nkya alimfuata na chupa yake ya chai, ile chupa ya bluu yenye mchoro wa maua ambayo haachani nayo, akammiminia. Walipokuwa wakizungumza akaugusa ule mguu, na chini ya kidole chake akahisi mshipa unapiga. Aliita Daktari Susana palepale jikoni. Naye akagusa. Wakatazamana kama watu waliosahau mtoto sokoni.

Walimrudisha kitandani na kumpima upya, damu ikapita kwa sauti nzuri. Kumbe ulikuwa ni ubaridi: Julai ya Arusha, sakafu ya saruji, jeli iliyolala kabatini, na mtu aliyetembea alfajiri na gambuti zenye umande. Mishipa ya miguu hujibana kwa baridi, nasi tukasoma ubaridi kama ugonjwa. Daktari na Mzee Nkya hawakuficha. Waliwaita wote waliopimwa wiki zile za baridi, wakawapima tena, na wengi wakaonekana wazima. Wachache walikuwa wagonjwa kweli na wakatibiwa. Tangu hapo mlangoni pana kibao kwa mwandiko wake, HAPA HATUPIMI MIGUU BARIDI, na ndani pana beseni la maji moto, blanketi na ile chupa ya chai. Kidonda cha yeyo kilichukua miezi ya kufungwa na kufunguliwa, lakini kilipona. Kila Ijumaa anatuletea maziwa, na kila Ijumaa anatukumbusha kwamba dawa ya baridi aliigundua yeye. Hatubishi.

Mtu wa namna hiyo mngetegemea awe wa kwanza kulala kitandani. Mwalimu aliyekuja kutufundisha mashine alitaka kila mmoja wetu apimwe ili ajue mgonjwa anavyojisikia. Tulilala wote. Mzee Nkya alikuwa ameshika maiki. Daktari Susana alipoagiza watumishi wote wenye umri mkubwa wapimwe mishipa miwili ya shingoni, ile inayopeleka damu kichwani, mzee alikumbuka kwamba jenereta linahitaji kuangaliwa. Mwaka uliofuata akawahi likizo. Mimi niliwahi kumdanganya kwamba kitanda kimelegea upande mmoja, aje alale asikie. Akamtuma Philemoni, fundi mwenzake anayerithi kitengo sasa. Philemoni akalala, nikampima. Maskini Philemoni shingo yake imepimwa kuliko shingo yoyote mkoani hapa.

Tulikuwa tunacheka. Mwezi Mei mwaka huu mkewe, Mama Sia, alikuja kutoka Machame na mkungu wa ndizi, na nilipomkaribisha chai akaomba tufunge mlango. Tulikuwa mimi, Philemoni na Daktari Susana. Akatuambia kwamba baba yao kina Nkya alianguka kwa kiharusi. Kisha akatuambia habari ya Aminieli.

Aminieli alikuwa kaka mkubwa wa Mzee Nkya, mfanyabiashara wa mitumba hapa mjini, mtu wa kicheko kikubwa. Mwaka ule wa pili wa mashine alimwambia mdogo wake kwamba mkono wake wa kulia unakufa ganzi mara kwa mara, akitaka kujua apimwe lini. Ilikuwa Desemba, foleni ndefu, umeme wa mgao, Mzee Nkya amechoka. Alimwambia aje Januari. Siku mbili baada ya Krismasi Aminieli alianguka uani kwake Machame, mbele ya watoto, upande mzima ukapotea na maneno yakapotea. Aliishi hivyo miaka miwili kabla ya kufariki. Mama Sia ndiye aliyekuwa akisaidia kumgeuza kitandani.

Kwa hiyo, alisema mama yule, mume wangu haogopi mashine. Anaona aibu kulala mahali ambapo hakumlaza kaka yake. Na akatuambia wazi analotaka. Amemngoja mumewe arudi nyumbani tangu akiwa msichana. Hataki kumpokea kwa sherehe mwezi wa saba halafu amgeuze kitandani mwezi wa kumi. Akasema tumpime kabla hajaondoka, kwa njia yoyote, na kama hatuna njia yeye anayo.

Njia yake ilikuwa ya kwao. Mifereji ya Machame husafishwa na wote wanaokunywa maji yake. Siku ikifika hupulizwa baragumu, na kila nyumba hutoa mtu na jembe. Nyumba isiyotoa mtu, wazee hupita na kuchukua kitu, sufuria au jembe au mbuzi, na hakirudi mpaka mwenyewe ashuke mferejini. Hakuna chuki na hakuna anayebisha. Mzee Nkya mwenyewe ametusimulia desturi hiyo mara nyingi akijisifu kwamba nyumba yao haijawahi kunyang'anywa hata mwiko. Mama Sia akasema: basi chukueni kitu.

Ijumaa tarehe 11 Juni, wakati wa chai ya asubuhi, Philemoni alisimama mlangoni mwa chumba cha picha na tarumbeta. Kwa wasiojua, yeye na Mzee Nkya wote wawili wapo kwenye kikundi cha tarumbeta cha usharika wao. Akapuliza. Wagonjwa wa benchi la nje wakasimama wakidhani ni mazishi. Mimi nikaingia, nikaichukua chupa ya bluu mezani, nikatangaza mbele ya Daktari Susana na yeyo Nasieku aliyekuwa ameleta maziwa kwamba nyumba ya Elihuruma Nkya imeitwa kusafisha mfereji miaka sita na haijatoa mtu, kwa hiyo chupa hii imekamatwa.

Alicheka sana, mkono kifuani. Kisha akamwona mkewe amesimama nyuma yangu, na kicheko kikaisha. Akakaa kwenye kile kiti cha wagonjwa. Akasema kwa sauti ndogo kwamba alimwambia kaka yake Januari. Alisema hivyo mara mbili. Mama Sia alikwenda akamvua viatu. Yeyo Nasieku ndiye aliyesema kwamba nyayo zake yeye zililala pale zikiwa na kidonda, na shingo ya mzee haina uzuri wa kushinda nyayo zake. Hapo mzee akatabasamu kidogo, akapanda kitandani.

Aliomba sauti izimwe. Miaka yote alifungulia wagonjwa, lakini yeye akaomba izimwe, nasi tukaizima. Philemoni alianza upande wa kulia. Palikuwa safi, tukamwambia. Akahamia kushoto, na pale mshipa unapogawanyika mstari wa kasi ya damu kwenye skrini ukapanda juu. Philemoni akarudia. Ukapanda tena. Hakuna aliyesema kitu, na mzee alikuwa ameelekea ukutani asione skrini, lakini mtu aliyefanya kazi hii miaka yote anajua ukimya wa chumba chake. Akaomba tufungulie sauti.

Tukafungulia. Ilikuwa ile kelele aliyotufundisha sisi wenyewe kuitambua, maji yanayobanwa. Aliisikiliza muda. Halafu, akiwa amelala vilevile na jeli shingoni, akaanza kutufundisha. Akasema jiwe lipo, lakini maji yanapita, tena mengi, sikilizeni yanavyomaliza. Akamwelekeza Philemoni ashushe maiki kidogo na apime tena. Daktari Susana akathibitisha: mshipa umebana kwa chini ya nusu, hauhitaji kisu. Unahitaji vidonge vya presha kila siku, aspirini, chumvi kidogo, kutembea, na kuagana na nyama choma ya Jumamosi. Na kuangaliwa mara kwa mara, kwa sababu jiwe likigunduliwa mapema kama hivi mtu hutibiwa na kuishi miaka yake.

Hapo Mzee Nkya akalia. Nasema hivyo kwa ruhusa yake, maana nilimuuliza kama niandike na akasema andika. Alimlilia kaka yake, ambaye labda naye alikuwa na jiwe dogo tu. Mama Sia alimfuta jeli kwa kitambaa cha mkoba wake, akamfuta na uso kwa kitambaa hichohicho, tukaishia kucheka wote, yeye wa kwanza. Wiki iliyofuata walikuja watumishi kumi na wawili kupimwa ambao nao walikuwa na jenereta zao za kuangalia. Wawili wamekutwa na mambo ya kutibiwa na wameanza dawa.

Kwa niaba ya wote, Mzee wetu, asante. Asante kwa filamu zilizokatwa vipande, kwa sauti iliyofunguliwa, kwa beseni la maji moto, kwa kukiri kosa la Julai bila kuzungukazunguka, na kwa kila asubuhi uliyonivumilia. Philemoni anashika maiki, nasi tutamchunga. Chupa yako utakabidhiwa siku ya sherehe ikiwa imejaa, maana umeshashuka mferejini na deni limekwisha.

Limebaki moja. Siku ile ya kipimo, kabla mzee hajashuka kitandani, Philemoni alifungua kitabu cha miadi kumpangia kipimo cha pili. Desemba ilikuwa imejaa, na watu wa Machame wote mwezi huo wanajulikana wako kwao mlimani kwa Krismasi, kwa hiyo akamwandikia Januari. Mzee Nkya alikuwa anafunga kamba za viatu. Akanyanyua kichwa akasema Januari ni mbali, atafutiwe nafasi kabla ya Krismasi, hata akikaa benchi siku nzima.

Ameandikwa Desemba, Mzee. Nenda nyumbani salama kwa Mama Sia, mkapate siku nyingi na njema pamoja, na ukija uje na soksi.

Kandida, Muuguzi, Kitengo cha Picha